Kanga Anasindikizwa

Kiboko mmoja alikuwa na presha na miguu ya kuvimba, na habari za kutembea hakutaka kuzisikia. Kanga, mhudumu wa afya wa kijiji, akaja kumpima.

"Babu, njoo mazoezini na wenzako asubuhi."

"Mazoezi ni ya watoto. Wewe kunywa uji, mjukuu wangu."

Kanga akanywa uji, asibishane. Alipoaga, alisimama mlangoni kama anayesubiri kitu. Kiboko akaona haya, maana mgeni haachwi aende zake bila kusindikizwa. Akanyanyuka, akamfikisha mgombani huku akihema.

Kanga akawa anakuja kila jioni. Masimulizi yake hayakwisha njiani, na Kiboko hakuweza kumkatiza. Wakaupita mgomba, wakakipita kisima, hadi jioni moja wakafika nyumbani kwa Kanga, na Kiboko hahemi.

"Kumbe siku zote ulikuwa unanitembeza," alisema.

"Nilikuwa mgeni wako tu, babu."

Kiboko aliitazama miguu yake. Uvimbe ulikuwa umekwisha. Akanywa uji wa Kanga, akaaga, kisha akasimama mlangoni kama anayesubiri kitu.

"Leo mgeni ni mimi," alisema. "Nisindikize."