Ngoma za Jumanne

Wimbo ulikuwa umebakiza pigo moja mpiga besi alipoinua uso kumtafuta mpiga ngoma, ambaye kwa miaka kumi na mmoja ya bendi alikuwa akimwinulia nyusi ili wafunge pamoja. Mbele yake palikuwa na ukuta wa studio uliobandikwa sponji. Ngoma za wimbo huu zilirekodiwa Jumanne, na mtu ambaye hawajawahi kuonana naye.

Akachelewa. Uzi mnene ukaendelea kutetema chini ya kidole chake hata baada ya wimbo kwisha.

"Kaka, unamtafuta nani humo?" sauti ya fundi mitambo ikamjia masikioni. "Uko peke yako."

"Mazoea."

"Yataisha. Mkataba uko mezani kwa bosi: kazi kila siku, kiyoyozi, na hakuna wa kugombana naye."

Yote yalikuwa kweli. Bendi yake nayo ilitaka jibu kabla ya saa kumi, kama anabaki au anaondoka. Akinyamaza, nafasi yake angepewa shemeji wa mwimbaji, mtu mwenye gitaa la gharama na masikio ya pambo.

"Naomba nipige simu kwanza."

"Simu haishiki humo ndani, ndugu yangu."

"Najua," alisema, akichomoa waya wa gitaa.