Kamba ya Kuni

Magoti yalikuwa yamekataa, nikamwambia Watiri turudi nyumbani. Mjukuu wangu akacheka.

"Cucu, tumepita mapango yote ya msitu huu ukiangalia chini tu. Kwani umeangusha nini?"

"Hii njia naijua kwa mawe yake," nikamjibu. Tangu usichana nilipita hapa kando ya mto na mzigo wa kuni mgongoni, kamba ikinivuta paji la uso.

Akaweka kidole kwenye alama ya hiyo kamba, kibonde kidogo juu ya macho yangu. Kidole kikatosha ndani.

"Leo hakuna kamba, Cucu. Inua kichwa."

Nikainua. Maji meupe yalikuwa yanaanguka kutoka juu kabisa ya mwamba. Miaka hiyo yote nilikuwa nayasikia tu.

"Asante, Ngai, Mungu wangu," nikasema. "Watiri, nani alisema turudi?"