Fisi na Mtoto Asiyechanwa

Hebu, wanangu, mfikirieni Fisi amevaa kofia ya Afisa Ustawi wa Wanyama, koti lanuka mzoga, naye anakagua usafi wa wenzake. Siku moja alimkuta Nungunungu mdogo mlangoni kwao, miiba imemsimama mwili mzima.

"Mtoto huyu hachanwi!" akasema Fisi, akaandika, kisha akamchukua. Kwa huruma tu, bila shaka.

Mama Nungunungu akakimbilia kwa Hakimu Kobe. Akishindwa kesi, mwanawe angebaki kwa Fisi, na wageni wa Fisi huwa hawaonekani tena.

"Mheshimiwa, kielelezo hiki hapa," akasema Fisi, akimsukuma mtoto mbele. "Nimemchana siku saba, na bado! Malezi mabaya hayo."

"Pole, Afisa wetu, umeteseka," akasema Kobe. "Mama, una la kusema?"

"Sina, Mheshimiwa. Naomba tu Bwana Afisa asogee hadi mlangoni."

Fisi akasogea akinung'unika. Mama akaita, "Njoo, baba." Miiba yote ikalala. Fisi akarudi hatua moja tu, ikasimama tena.

Kobe akafunga jalada. "Mtoto arudi kwa mama yake. Nawe, Afisa, andika ripoti nyingine: kinachomsimamisha miiba kimepatikana, na kimevaa kofia."

Nawaomba, wanangu, mkumbuke jambo moja: kabla hamjasema mtoto analelewa vibaya, ulizeni kwanza anamwogopa nani.