Hatua za Eliaza

Siku hizi, kwa amri ya serikali ya kulinda afya, cherehani haiwaki mpaka bangili ya fundi ihesabu hatua elfu sita. Mume wangu Eliaza, fundi mvivu mwenye ulimi wa asali, alinivika ya kwake kila asubuhi.

"Bibie, nitembeze sokoni. Ila usinichoshe!"

"Mzigo wewe! Nikirudi nikute sare za kwaya ziko tayari."

Miaka tisa nikaenda na bangili mbili, yangu na yake, naye akabaki kitini. Zahanati ikisoma yake ilimsifu: moyo wa kijana! Miguu ilipomvimba tulicheka, nikasema ni mapishi yangu.

Alhamisi moja nilirudi na mchicha, nikamkuta ameinamia sare, sindano katikati ya mshono. Nilidhani ananitania.

Jana tumeanua matanga. Wifi yangu Perusi alitaka bangili ya kaka yake irudishwe serikalini. Nikamwambia imepotea.

Leo nimekwenda nayo sokoni. Mbele ya genge la mchicha ikatangaza: "Hongera, Eliaza! Hatua elfu sita. Sasa unaweza kukaa."

Muuzaji akacheka. "Huyo Eliaza mwenyewe yuko wapi, mama?"

"Yuko nyumbani," nikasema. "Ananisubiri."