Kome Aliyerudishwa Mwambani

Mize, jirani yake Somoe, alidai kwamba Somoe amerogwa. Alimwona kwa macho yake mwenyewe akiokota kome, konokono wa baharini, mkubwa kama chungu cha wali, akambusu, akamrudisha majini.

"Sikumbusu," Somoe alisema. Alikuwa amekaa barazani kwa Bi Tatu, kapu lake tupu miguuni. "Nilimwinamia nimtazame. Amelalia mayai, bibi, vifuko vyeupe vimeshikana kama punje za mahindi. Nilipomwinua alijivuta ndani, mayai yakabaki wazi."

Bi Tatu alikuwa amepakata baragumu la mji, gamba la kome wa zamani, alilolipuliza miaka yote kuwaita wanawake wanaovua pweza watoke mwambani maji yakianza kujaa. Sasa lilikuwa na ufa, na sauti yake haikufika mbali. Somoe ndiye aliyejitolea kutafuta jingine. Siku moja ya mvua, kabla ya ufa huo, maji yakiwa kifuani na pwani haionekani, yeye mwenyewe alikuwa ameifuata sauti hiyo mpaka akakanyaga mchanga.

"Kwa hiyo kome ana watoto, sisi hatuna?" Mize, aliyekuwa amesimama kando ya baraza, aliuliza akicheka.

Somoe alimgeukia Bi Tatu. "Bibi, mimi niko hai kwa pumzi yako. Mpaka mayai yale yaanguliwe, niruhusu nisimame kule majini, pale sauti yako inapoishia, niipokee niwapelekee wenzangu."

Kule pwani maji yalikuwa yameanza kujaa. Bi Tatu alimkubalia kwa kichwa, akainua baragumu mdomoni, akaziba ufa kwa kidole gumba, akavuta pumzi.