Kilimia juu ya paa la Kihiyo

Siku Shekiondo alipotumbukia kisimani, majirani walisema kamba zao zimeoza. Mkewe, Namsifu, alifunga kanga zake zote ncha kwa ncha, lakini hazikufika chini.

Arobaini haijatimia, majirani walewale wakajaa uani kwake jua lilipozama. Kila mwaka Shekiondo ndiye aliyetazama mashariki mpaka akakitambua Kilimia, kile kifungu kidogo cha nyota, akawaambia wapande. Mwaka huu mbegu zilikuwa bado vikapuni.

"Shemeji, marehemu hakukuonyesha?" aliuliza Kihiyo, jirani wa ukuta mmoja.

"Alinionyesha."

"Basi tuonyeshe na sisi. Si zile pale?"

"Zile?" Namsifu hakugeuza hata shingo. "Kumbe si kamba tu iliyooza kwako, Kihiyo. Hata macho!"

Mtu mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Tukikosea kupanda tutakufa njaa, mama," alisema mwingine.

"Mngekuja na kamba siku ile, leo mngekuwa naye wa kumuuliza."

Akawafungia mlango.

Jioni chache baadaye alikiona Kilimia mwenyewe, juu ya paa la Kihiyo, nyota zimebanana vilevile kama kwamba hakuna aliyekufa. Alikitukana kwa sauti mpaka koo likamkauka. Kulipokucha akachukua jembe la mumewe, akaenda shamba.

Tangu hapo hasemi na jirani yeyote. Jembe lake likisikika, mji mzima hutoka kupanda.