Binti wa Kobelo

Siku hizi bendi iliyokufa mapema hairuhusiwi kunyamaza. Mitambo ya akili bandia huitungia albamu mpya kila mwaka, kana kwamba wanamuziki wake wangali hai na wanazeeka.

Wanamuziki wa bendi ya Mindu Jazi waliangamia wote ajalini. Mwimbaji wao, Kobelo, alikuwa mchumba wa Sikudhani, ambaye sasa ni mke wa Mkude, seremala wa Morogoro, na ana mimba ya kwanza. Mkude angeweza kumvumilia marehemu. Kinachomchoma ni kwamba katika nyimbo hizo Kobelo ameshamwoa Sikudhani, wamejenga, wamegombana, wamepatana. Kila mwaka Mkude huomba albamu mpya iwaachanishe.

Jumapili hii redio ilipiga wimbo mpya. Kobelo, kwa sauti iliyoanza kukwaruza, alikuwa akimbembeleza binti yake mchanga, Asumini. Sikudhani aliacha kukuna nazi ili asikilize.

"Mzime huyo," Mkude alisema.

"Amekukosea nini? Si marehemu?"

"Marehemu hazai."

Wimbo ulipokwisha Sikudhani alifuta machozi, akasema taratibu, "Mume wangu, akiwa wa kike tumwite Asumini."

Mkude alilitazama tumbo la mkewe, akajikuta anataka kuuliza mtoto ni wa nani.